Kwa nini Kibirizi Wananiita Kumi na Moja

Jezi niliinunua mwaka 2004 kwenye mitumba ya Mwanga, kwa shilingi 1,500, baada ya kuvutana na muuzaji mpaka akaniuliza kama nimetumwa kumharibia siku. Nyeusi tii. Ina kola kama shati, kifuani limeshonwa jani jeupe, kando yake chapa ya adidas, mgongoni namba 11. Nzito kama blanketi la jeshi. Mtu mwenye akili zake hanunui nguo ya namna ile kuvaa Kigoma, mahali ambapo saa nne asubuhi shati limeshaganda mgongoni. Lakini nilikuwa na miaka 19 na sikuwa nimewahi kuona jezi nyeusi namna ile. Nikaamua ni ya timu ya Ulaya. Walioniuliza timu gani niliwajibu, bila kupepesa jicho, kwamba iko daraja la pili Ujerumani.

Siku hizo nilikuwa nabeba magunia ya dagaa Kibirizi. Kwa wasiopajua, ni ufukweni, kaskazini kidogo ya bandari ya Kigoma. Mitumbwi inarudi alfajiri, akina mama wanawagombania dagaa wakiwa bado wanang'aa, wanaanikwa, wanafungwa, na magunia mengine yanavuka ziwa kwenda Kongo. Kumbe ule uzito wa jezi ulikuwa na kazi yake: gunia halinichubui bega. Nikawa naivaa kazini asubuhi na mpirani jioni, naifua Jumapili. Haikuchukua wiki mbili jina langu likafa. Mpaka leo nikipita pale na koti langu la ualimu, kuna mzee wa kupima mizani ananiita Kumi na Moja mbele ya wanafunzi wangu.

Meli ya Liemba ikiwa inapakia tulihamia bandarini, maana pale malipo yalikuwa afadhali. Siku moja mwishoni mwa mwaka uleule nimeinama na gunia, nikasikia nyuma yangu mtu anapaza sauti: "Lomu!" Sikugeuka. Neno lenyewe halikuwa Kiswahili, halikuwa Kiha, na mimi siitwi hivyo. Mwenzangu akanisukuma: "Kumi na Moja, Mzungu wako anakuita."

Alikuwa mzee mmoja amevaa kofia ya majani, magoti yamegeuka mekundu kwa jua, anasubiri meli kwenda Mpulungu, Zambia. Akanionesha kwa kidole lile jani la kifuani, akajipiga kifuani mwake, akasema New Zealand. Akatoa dola 20. Hesabu ya haraka ilikuwa zaidi ya shilingi 20,000, na mimi nilinunua kwa 1,500. Mngekuwa ninyi mngefanyaje? Mimi nilijiambia: anayeanza na 20 ana 50 mfukoni. Nikataja 50. Mzee akacheka, akarudisha noti yake mfukoni, na biashara ikaishia hapo. Hiyo hasara sijamwambia mke wangu hadi leo, kwa hiyo kama anasoma hapa, ndiyo hiyo.

Ila mzee hakuondoka. Liemba haijawahi kuwa na haraka tangu Wajerumani walipoizamisha kwa mikono yao mwaka 1916 na Waingereza wakaja kuiibua mwaka 1924. Siku hiyo nayo ilikuwa bado haijaamua. Mzee akakaa juu ya magunia, akaanza kunisimulia habari za mwenye namba 11. Kiingereza changu kilikuwa cha kidato cha nne, kwa hiyo nusu ya simulizi ilikuwa mikono. Akasimama na kunyoosha mkono juu ya kichwa chake: urefu. Akapanua mabega: unene. Akakimbia hatua tatu mahali palepale, wapagazi wote wakacheka. Kisha akashika tumbo, upande wa chini, akasema "kidney". Neno hilo nililijua kutoka baiolojia. Mwaka huuhuu, akasema. Rafiki yake, mtu wa redio, amempa moja.

Nilidhani nimesikia vibaya. Nchi gani hiyo watu wanagawiana figo?

Wiki iliyofuata nilikwenda kwenye kafe ya intaneti karibu na barabara ya Lumumba, nikalipia nusu saa, na dakika 20 za mwanzo zikaisha ukurasa ukiwa bado unafunguka. Nilichopata ni picha moja na aya tatu. Yaliyobaki nimeyaokota kidogo kidogo kwa miaka 20, simu zilipokuja na bando zikashuka bei. Mimi si mtaalamu wa raga, ule mchezo wa kukimbia na mpira mikononi. Hapa kwetu haichezwi, na sheria zake nusu bado nazibahatisha. Namjua Jonah Lomu kama unavyomjua jirani ambaye habari zake zinakufikia kupitia ukuta.

Kuna video moja nimeitazama mara nyingi kuliko ya harusi yangu. Tarehe 18 Juni 1995, uwanja wa Newlands, Cape Town, nusu fainali ya Kombe la Dunia la raga, New Zealand na England. Mechi haijafikisha hata dakika tano. Mpira unarushwa kwake vibaya, unapita nyuma yake, unadunda. Winga mwingine angeuokota na kujilaza nao, asubiri wenzake. Yeye anageuka, anauokota, na ghafla unaona ukubwa wake. Mita 1.96, kilo karibu 120, umri miaka 20, na anakimbia kama mtu wa mita 100. Wa kwanza kumfuata ni Tony Underwood, anazungukwa kwa nje kama nguzo ya umeme. Nahodha wao Will Carling anamgusa kifundo cha mguu kwa nyuma, Lomu anayumba, anaanza kuanguka mbele, na mbele yake amebaki mtu mmoja, Mike Catt. Mtu anayeanguka angetafuta pa kuangukia. Huyu hakutafuta. Alipita juu ya Catt, kwa maana ya kwamba alimkanyaga akaendelea, akauweka mpira chini nyuma ya mstari. Hiyo wanaita trai, na thamani yake ni pointi 5. Siku hiyo alifunga nne. Mechi ikaisha 45 kwa 29.

Nikiwaonesha wanafunzi wangu, wavulana wanapiga kelele na wasichana wanauliza kama yule wa chini alipona. (Alipona. Miaka minane baadaye Catt huyohuyo alibeba Kombe la Dunia akiwa na England, kitu ambacho Lomu hakukipata maishani.)

Fainali wengi mnaijua hata kama raga hamuijui, kwa sababu ya Mandela kuvaa ile jezi namba 6 ya nahodha wa Afrika Kusini. Tarehe 24 Juni, Ellis Park, Johannesburg, Afrika Kusini 15, New Zealand 12, teke la Joel Stransky kwenye muda wa nyongeza. Kwa upande wangu wa ukuta habari ni fupi: Lomu hakufunga. Walimkaba wawili wawili, watatu watatu. Na si siku hiyo tu. Alicheza na Afrika Kusini mechi 12 za kimataifa katika maisha yake na hakuwahi kuwafunga trai hata moja. Mjomba wangu, ambaye alipigana vita vya Kagera na anaamini kila kitu kinaelezeka kwa mbinu, husema hapo ndipo penye somo. Mimi husema hapo ndipo penye Waafrika.

Alizaliwa Auckland tarehe 12 Mei 1975, wazazi wake wakiwa watu wa Tonga, visiwa vidogo vya Pasifiki. Akiwa mchanga alipelekwa kulelewa kwa shangazi huko visiwani, akarudi New Zealand umri wa kwenda shule. Hilo halikunishangaza hata kidogo, nusu ya darasa langu wamelelewa kwa shangazi. Mtaa aliokulia Auckland ya kusini ulikuwa wa magenge, na mama yake akafanya alichofanya mama yangu kwa kaka yetu mkubwa, yaani akamtoa mjini. Akampeleka Wesley College, shule ya bweni ya Wamethodisti, na huko kwanza walimjua kwa riadha. Tarehe 26 Juni 1994 akaitwa timu ya taifa dhidi ya Ufaransa, akiwa na miaka 19 na siku 45, mdogo kuliko wote waliowahi kuichezea New Zealand mechi ya kimataifa. Wakafungwa. Wakafungwa na ya pili. Akawekwa kando, ikasemwa ni mtoto, hajui kujipanga akikaba, mwili tu. Mwaka mmoja baadaye ndiyo ile video.

Na mwisho wa mwaka uleule wa video, 1995, wakampima wakamkuta na ugonjwa wa figo.

Ngoja nieleze huu ugonjwa kama nilivyoelezwa mimi, kwa sababu niliusikia kwanza kwa habari ya mchezaji na baadaye nikaukuta sebuleni kwetu. Figo ni chujio. Chujio zima linaachia uchafu na maji ya ziada, linazuia vitu vya maana visipotee. La Lomu lilikuwa linavuja: protini inayotakiwa ibaki kwenye damu inaondoka na mkojo. Mkojo unatoka na povu kama maji ya sabuni. Protini ikipungua kwenye damu, maji hayana wa kuyashika, yanahamia kwenye nyama. Asubuhi macho yamevimba, jioni viatu havivuliki. Mgonjwa anachoka bila kufanya kazi. Hakuna maumivu ya kukufanya upige kelele, na hapo ndipo ubaya wake ulipo.

Kwa hiyo fanya hesabu upya ya kila kitu alichofanya baada ya mwaka 1995. Dawa kali, akakaa nje ya uwanja sehemu kubwa ya mwaka 1997, akarudi. Medali ya dhahabu ya raga ya wachezaji saba kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola, Kuala Lumpur, 1998: mgonjwa. Trai 8 kwenye Kombe la Dunia la 1999, ukijumlisha na 7 za 1995 ni 15, rekodi ambayo Bryan Habana aliifikia tu mwaka 2015 na hakuivuka: mgonjwa. Sydney, Julai 2000, watu 109,874 uwanjani, Australia wanaongoza dakika za mwisho kabisa, Lomu anapokea mpira pembeni kushoto, ananyata na mstari kama mtu anayepita ukingoni mwa gati, anafunga, 39 kwa 35: mgonjwa. Mimi nilipokuwa na malaria nilishindwa kubeba ndoo.

Alicheza mechi ya mwisho ya taifa Novemba 2002, dhidi ya Wales. Mechi 63, trai 37. Alikuwa na miaka 27. Mwaka uliofuata alikuwa kwenye mashine ya kusafisha damu mara tatu kwa wiki, na mishipa ya fahamu ya miguu ilikuwa imeanza kuharibika, ile miguu iliyomkanyaga Catt. Julai 2004 Grant Kereama, mtangazaji wa redio wa Wellington, akampa figo yake moja. Hiyo ndiyo habari niliyoletewa na mzee wa kofia ya majani, ikiwa na umri wa miezi michache tu. Nikiwa nimevaa jezi ya mtu huyo na gunia begani.

Baada ya hapo nilimsahau. Nikasoma ualimu Tabora, nikaoa, jezi ikaingia kwenye sanduku la bati.

Dada yangu mkubwa alianza kuvimba mwaka 2018. Yeye ndiye aliyetulipia shule sisi wote, kwa mawese. Alikuwa anainua dumu la lita 20 kwa mkono mmoja na kupokea simu kwa mkono wa pili. Kwenye zahanati moja wakampa dawa za taifodi. Mara ya pili wakampa za taifodi tena, kali zaidi. Wifi mmoja akasema ametupiwa kitu, na mnajua Kigoma tulivyosemwa kwa mambo hayo, sitaongeza mafuta kwenye moto, ila pesa ya mganga tulitoa na kuku tulitoa. Wakati huo wote yeye mwenyewe alikuwa akitania kwamba amenenepa kwa raha. Siku moja nimekwenda kwake, nimetoka chooni, nikamuuliza: dada, huku kuna mtu anamwaga sabuni? Akasema hapana.

Nilikaa pale uani nikamkumbuka Lomu. Sikumkumbuka daktari wala kitabu cha baiolojia. Namba 11.

Kufika hospitali kubwa ilikuwa tayari imeshakuwa kazi ya mashine. Presha ya miaka mingi ambayo hakuna aliyeipima, ndivyo walivyosema. Mashine ikawa Mwanza. Basi linaondoka Kigoma alfajiri, Kasulu, Kibondo, Nyakanazi, unafika umekunjika. Huwezi kufanya safari hiyo mara tatu kwa wiki, kwa hiyo dada akapanga chumba Mwanza na kuacha biashara na watoto watatu, wa mwisho akiwa bado ananyang'anywa kikombe na kuku. Saa nne nzima kitandani, damu inatoka inazunguka inarudi, Jumatatu, Jumatano, Ijumaa. Hanywi maji atakavyo, dagaa waliokaushwa kwa chumvi marufuku. Mtu wa Kigoma kukatazwa dagaa! Alisema hilo ndilo lililomliza, sindano hazikumliza.

Muhimbili walianza kupandikiza figo Novemba 2017, na Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata mwaka 2018. Kabla ya hapo safari ilikuwa India. Kwa hiyo ilipofika kwetu, swali halikuwa tena wapi. Swali likawa nani. Anayetoa kwa kawaida awe ndugu, mzima, mwenye hiari.

Kikao cha ukoo kilikaa Ujiji, nyumbani kwa mama, chini ya mwembe, wanaume kwenye viti na wanawake kwenye mkeka kama kawaida yetu mbovu. Nilikuwa nimejiandaa. Nilikuja na jezi ndani ya mfuko wa nailoni na video kwenye simu. Nilidhani nikiwaonesha yule mtu alivyokuwa mkubwa, nikawaambia alipewa figo akarudi kucheza Wales na klabu ya Cardiff mwaka 2005, hoja imekwisha. Ndugu wa mbali walikuwa wanasema mtoa figo anakuwa nusu mtu, habebi kitu, hazai, hafiki 50. Nilitaka kuwazima.

Mjomba alitazama video mpaka mwisho. Akanirudishia simu. Akauliza: "Na huyu aliyempa, aliishi?"

Nikasema hata siku ambayo Lomu anaagwa, aliyemtolea figo alikuwa hai, miaka 11 baada ya upasuaji.

"Kumbe huyu mkubwa alikufa."

Sikuwa nimepanga kufika hapo haraka vile. Nikasema ndiyo, alifariki tarehe 18 Novemba 2015, nyumbani kwake Auckland, amerudi safari ya Uingereza.

"Akiwa na miaka mingapi?"

"40."

"Na hiyo figo alikaa nayo miaka mingapi?"

Ilifanya kazi tangu 2004 mpaka 2011. Mwili ukaikataa mwaka ambao Kombe la Dunia lilikuwa limekwenda nyumbani kwao, akarudi kwenye mashine, na mashine ndiyo aliyoishi nayo mpaka mwisho. Nikasema: "Saba."

Mjomba hakusema kitu. Aliinua mikono kidogo, akaishusha magotini. Ilikuwa kama mzani ambao kila mtu aliuona. Upande huu kuna kijana mzima anafunguliwa tumbo, upande ule saba. Mtu mmoja nyuma akanong'ona, "Saba tu?" Nilikunja ule mfuko wa nailoni. Nilijiona mjinga, nimesafirisha hoja kutoka Pasifiki kuja kumuua dada yangu.

Mama alikuwa anachambua mchele. Hakuinua uso. Akasema: "Mtoto wake wa mwisho anaanza la kwanza Januari. Saba si anamaliza la saba?"

Basi. Aliendelea kuchambua mchele. Mjomba alikohoa, akaomba maji, na alipomaliza kunywa akauliza vipimo vinaanza na nani.

Vilianza na mimi, kwa kelele zangu. Kundi la damu lilikubali. Siku ya pili nesi akanifunga mkanda wa presha mkononi, akatazama, akafunga tena, akaita mwenzake. 170 kwa 105. Akaniuliza naumwa kichwa? Siumwi. Nachoka? Sichoki. Mimi, Kumi na Moja wa Kibirizi, niliyebeba Kongo nzima begani, nilikuwa natembea na kitu kilekile kilichomla dada bila kujua, na figo zangu nikaambiwa nizitunze mwenyewe. Tangu siku hiyo nakunywa kidonge kila asubuhi. Nimeshawapima presha walimu wote wa shule yetu kwa kile kimashine nilichonunua, na watatu hawanisemeshi vizuri tangu niwaambie namba zao.

Aliyetoa ni mdogo wetu, fundi wa mitumbwi. Hakuwa amesema neno kwenye kikao. Walipanda treni wote wawili, Kigoma, Tabora, Dodoma. Tabora treni ilisimama muda mrefu kama ilivyo desturi yake, na dada alinipigia simu kutoka dirishani kuniambia mdogo wetu amelala, anakoroma, kana kwamba anakwenda harusini. Nilimpa ile jezi kwa ajili ya baridi ya Dodoma. Mwezi wa tatu, 2021.

Niliyojifunza kule wodini siyaoni kwenye habari za Lomu, labda kwa sababu waandishi wa michezo hawakai wodini. Figo mpya haiwekwi mahali pa zile za zamani. Inawekwa chini mbele, karibu na kinena, na za zamani mara nyingi zinaachwa palepale, kwa hiyo dada sasa anatembea na tatu na huwatania wenye mbili. Vidonge vya kuuzuia mwili usiikatae ni vya saa ileile kila siku, maisha yote. Mdogo wetu alikaa hospitalini siku chache kuliko nilivyodhani, na maumivu yake yalikuwa makubwa kuliko nilivyodhani. Na siku ya kwanza dada alipokojoa, wodi nzima ilishangilia, na muuguzi mmoja akapiga vigelegele. Nimeona mabao mengi maishani mwangu na sijasikia vigelegele vya namna ile.

Siku hizo nilirudi kusoma ile miaka saba ya Lomu, nikitafuta nini kilikuwemo. Uwanjani mlikuwemo kidogo sana. Juni 2005, kwenye mechi ya kumuaga Martin Johnson, nahodha wa zamani wa England, pale uwanja wa Twickenham, alifunga trai na kuumia bega. Cardiff Desemba ileile, ameshapoteza kasi. Akarudi nyumbani kuichezea North Harbour, hakupata mkataba aliotaka, akaacha. Baadaye akaonekana kwenye klabu ya ridhaa kusini mwa Ufaransa, akicheza kwa sababu anapenda tu. Waandishi wengi wanaipita hiyo sehemu kwa aya moja ya huzuni, kwamba hakurudi kuwa Lomu wa 1995. Lakini wanawe wawili walizaliwa 2009 na 2010. Ukiipiga hesabu ya mama yangu, wote wamo ndani ya ile saba. Na mwaka aliofariki alikuwa akisema hadharani anachotaka ni kuishi mpaka watoto hao wafikishe miaka 21. Hakuwafikisha hata darasa la pili la kwetu.

Mdogo wetu alirudi kwenye mitumbwi baada ya miezi mitatu, ingawa kunyanyua mbao nzito aliambiwa asubiri zaidi, na hakusubiri. Jezi hajairudisha. Nikimkuta ufukweni nayo namwambia anaiharibu kwa lami ya mitumbwi, ananijibu kwamba yangu ilikuwa ya dola 20 na nikaikosa, yake imelipiwa. Vijana wadogo wa Kibirizi wameanza kumwita Kumi na Moja, na yule mzee wa mizani inabidi atuite Kumi na Moja Mkubwa na Kumi na Moja Mdogo.

Dada amerudi Ujiji. Mawese anauza kwa kupima kwenye chupa, madumu wanamwinulia watoto. Dagaa anakula wabichi, wasiotiwa chumvi, analalamika kila siku kwamba hawana ladha. Jioni anamkagulia yule wa mwisho madaftari. Mwaka huu yuko darasa la tano.